ABDULLAH MWANA WA IBN UBAYY

Ndugu zetu wasomaji, hapana mtoto aliyepita chuoni asiyelijua jina la Abdullah bin Ubayy bin Salul, mkubwa wa wanafiki wa Madina. Vitabu vya sira vimemtaja, tafsiri zimemtaja, na masheikh zetu humtaja darsani kila wanapofika kwenye Sura ya Munafiqun. Ama mwanawe, ambaye naye jina lake ni Abdullah, huyo hutajwa kwa maneno mawili matatu kisha akaachwa. Sisi tumeona kuwa hilo si haki. Kwani mwana huyu alikuwa Swahaba mtukufu, aliyejulikana mji mzima kwa Uislamu wake na kwa wema wake kwa mzazi wake. Na wakati ule ule, mzazi huyo alikuwa ndiye mtu wa mbele pale Madina katika kuwadharau watu wasiokuwa wa mji wake. Mambo mawili haya Sayyidna Abdullah aliyachukua katika kifua kimoja kwa muda wa yapata miaka 9.

Yatupasa kwanza tumjue baba, wala tusimjue kwa upande mmoja tu. Ibn Ubayy alikuwa mkubwa wa Khazraj, mtu wa umbo zuri na ulimi fasaha. Kabla ya Hijra, makabila mawili ya Madina, Aws na Khazraj, yalipigana miaka mingi, na vita vyao vikubwa vya mwisho vilikuwa vile vya Bu'ath, miaka michache tu kabla ya Mtume (S.A.W.) kuhamia kwao. Katika vita hivyo Ibn Ubayy alikaa kando. Baadhi ya wakubwa wenziwe walitaka kuwaua vijana wa Kiyahudi waliowekwa kwao rehani, naye akaiona hiyo kuwa ni dhulma, asitake kuingia ndani yake. Kwa ajili hiyo watu wa makabila yote mawili walimwona kuwa ndiye awezaye kuwakusanya, wakawa wanamtungia shanga za taji ili wamtawaze. Alipofika Mtume (S.A.W.), nyoyo za watu zikamgeukia Mtume, na taji lile lisivaliwe.

Wengi husema kwamba chuki yake yote ilitoka hapo, katika ufalme uliomponyoka. Ni kweli, lakini haikukomea hapo. Mwenye kuyatazama maneno yaliyopokewa kutoka kwake ataona kuwa chuki ile ilikwisha jipatia lugha yake, nayo ni lugha ya wenyeji na watu wa kuja. Muhajirina walitoka Makka wameacha majumba na mali zao. Answari wakawapokea, wakagawana nao nyumba na mitende. Na wale wasiokuwa na pa kulala wakalala kwenye ukumbi wa msikiti. Ibn Ubayy yeye aliwaona kuwa ni watu waliokuja kula mkate wa wenziwao, kisha wakazidi wingi, kisha wakataka kulingana na wenye nchi. Alikuwa na jina la dharau akiwaitia, na alikuwa akiwapigia mfano wa mbwa anoneshwaye na bwana wake, kisha akaja akamla.

Na hapa tutaje jambo moja dogo ambalo hatuwezi kulipita. Huyu Salul ambaye watu walimnasibisha naye hakuwa mwanamume, alikuwa ni bibi yake, mama wa baba yake. Na bibi huyo alikuwa mwanamke wa Khuza'a, kabila ambalo maskani yake yalikuwa pande za Makka. Basi mtu aliyewaonea uchungu watu waliotoka Makka, yeye mwenyewe akiitwa kila siku kwa jina la mwanamke aliyekuja mjini kutoka upande ule ule.

Sasa tumtazame mwana. Jina lake la kwanza lilikuwa Hubab, na kwalo baba yake akiitwa Abul Hubab. Mtume (S.A.W.) akambadilishia, akamwita Abdullah. Kwa hivyo jina jema alilopewa katika Uislamu likawa ni lile lile la baba yake, na tangu siku hiyo haikuwezekana kumtaja mwana kwa ukamilifu bila ya kumtaja na baba: Abdullah bin Abdullah bin Ubayy. Mwaka wa 2 wa Hijra alihudhuria Badri. Mwaka wa 3 ikaja Uhudi. Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na watu wapatao 1,000, wakiwa njiani, Ibn Ubayy akarudi na watu wapatao 300, hasira zimempanda kwa kuwa shauri lake halikufuatwa. Mwana hakurudi, alikwenda Uhudi na waliobaki.

Wala hakuwa peke yake katika watoto wa nyumba ile. Ndugu yake wa kike, Jamila, ambaye wengi wa wanavyuoni wamesema ni binti wa Ibn Ubayy, aliolewa na Hanzala, na usiku wa arusi yao ulikuwa ndio usiku wa kuamkia Uhudi. Hanzala naye alikuwa na baba wa namna hiyo, Abu Amir, aliyeuhama mji kwa kumchukia Mtume na siku ile akawa upande wa jeshi la Makureshi. Bwana arusi akatoka asubuhi akenda vitani, akauawa upande huu na baba yake yuko upande wa pili. Wasomaji wetu wa kike hasa tunawaomba waifikiri nyumba hiyo: bibi arusi wa usiku mmoja, amefiwa na mume, na baba yake mwenyewe amewaacha watu njiani.

Baba alizidi, na mwana alizidi kumtendea wema. Katika baadhi ya tafsiri imepokewa kuwa siku moja Abdullah alikuwa amekaa na Mtume (S.A.W.), na Mtume akanywa maji. Abdullah akaomba abakishiwe kidogo ampelekee baba yake, huenda Mwenyezi Mungu akausafisha moyo wake kwa maji hayo. Akampelekea. Baba alipoambiwa ni mabaki ya kinywa cha nani, akamjibu mwanawe kwa neno chafu tusiloliandika humu, kwani gazeti hili husomwa na watoto. Riwaya hii haina nguvu ya riwaya za Bukhari, lakini aijuaye hali ya mwana katika nyumba kama hiyo hataiona ngeni. Mwana anayebeba gilasi ya maji kwa mikono miwili, anaamini kuwa safari hii labda mzazi atalainika!

Kisha likaja jambo la Muraysi'. Muraysi' ni maji katika nchi ya Bani Mustaliq, ambako Waislamu walikwenda vitani; wanavyuoni wa tarehe wamehitilafiana kama ni mwaka wa 5 au wa 6. Walipokuwa wakirejea, watu wawili waligombana penye maji. Mmoja alikuwa ajiri wa Sayyidna Umar, akimwongozea farasi wake. Wa pili alikuwa mtu wa Juhayna, rafiki wa Khazraj. Wakapigana, na huyu akawaita Muhajirina na huyu akawaita Answari. Mtume (S.A.W.) akaukemea wito huo, akauita wito wa Ujahiliya, akawaambia wauache kwani unanuka. Jambo likaisha kwa wale wawili.

Halikuisha kwa Ibn Ubayy. Alikuwa amekaa na watu wake, na maneno aliyokuwa akiyanong'ona zamani akayatoa. Aliwalaumu wenziwe kuwa wao wenyewe ndio waliowakaribisha wageni katika nchi yao na kuwagawia mali zao, na kwamba lau wangewanyima wangeondoka wakaenda kwingine. Akaapa kuwa watakapofika Madina, mwenye utukufu atamtoa aliye dhalili. Mwenye utukufu alimkusudia nafsi yake. Dhalili alimkusudia Mtume wa Mwenyezi Mungu na wale waliokuja pamoja naye.

Palikuwapo kijana mmoja anasikia, Zayd bin Arqam. Habari ikafika kwa Mtume (S.A.W.). Sayyidna Umar akataka Ibn Ubayy auawe. Mtume akakataa, kwa kuwa watu wangesema Muhammad anawaua sahibu zake. Akaamrisha watu waondoke saa ambayo haikuwa desturi yake kuondoka, akawapeleka mchana kutwa na usiku kucha, wakafika mahali wakaanguka kwa usingizi, hapana aliyepata nafasi ya kuendeleza fitina. Ibn Ubayy akaja kuapa kwamba hakusema. Watu wakamsadiki mkubwa wao wakamwona yule kijana amekosea kusikia, na Zayd akahuzunika mno, mpaka iliposhuka Sura ya Munafiqun ikamsadikisha.

Hapa ndipo mwana alipokwenda kwa Mtume (S.A.W.). Habari ya kutaka kuuawa baba yake ilikwisha mfikia. Tunaomba tusimame kidogo juu ya aliyoyasema, kwani katika habari zote za maisha yake hili ndilo linalotuonyesha moyo wake. Alisema kwamba amesikia Mtume anataka kumuua Ibn Ubayy. Ikiwa ni kweli, basi amwamrishe yeye, naye atamletea kichwa chake. Akasema Khazraj wote wanajua kuwa hakuna kati yao mtu aliye mwema kwa mzazi wake kumshinda yeye. Na akasema anachelea akiamrishwa mtu mwingine, nafsi yake haitamwacha amtazame muuaji wa baba yake akitembea mbele za watu. Atamuua, na hivyo atakuwa amemuua Muumini kwa ajili ya kafiri, aingie motoni.

Wako wanaoyasoma maneno haya wakaona ndani yake ukali wa imani tu, mtu aliye tayari kumchinja baba yake. Sisi hatuyaoni hivyo. Mtu asiyempenda baba yake angenyamaza, akawaacha wengine wafanye. Huyu alikuja kusema kwamba anampenda hata anaiogopa nafsi yake mwenyewe. Kwamba anajua damu itamshinda dini siku moja akikutana na muuaji sokoni. Hakujidai kuwa imani imeyang'oa mapenzi ya mwana. Aliyaweka yote mawili wazi mbele ya Mtume wake: haya ni maneno ya baba yangu, nami najua ni maovu, na huyu ni baba yangu, nami siwezi kumwona ameuawa. Mtu mzima, mpiganaji wa Badri, kuyasema hayo kwa kinywa chake!

Na Mtume (S.A.W.) akamtua mzigo ule. Akamwambia kuwa hatauawa. Bali watamfanyia upole na kukaa naye kwa wema maadamu yuko pamoja nao.

Walipofika Madina, Abdullah alitangulia akasimama njiani, wengine wamepokea kwamba upanga ulikuwa mkononi mwake. Watu wakapita, hata alipofika baba yake akamzuia. Akamwambia kwamba hataingia mpaka akiri kuwa yeye ndiye dhalili na Mtume wa Mwenyezi Mungu ndiye mtukufu. Ibn Ubayy akakiri. Na katika baadhi ya riwaya, hakumpisha mpaka Mtume (S.A.W.) alipompa ruhusa baba yake apite. Kisa hiki ndicho kinachopendwa kusimuliwa, na mara nyingi husimuliwa kwa furaha, kama kwamba mwana alikuwa akifurahi. Hapana furaha ndani yake. Mwana alilichukua neno la baba yake, neno lile lile, akamrejeshea alisikie likiwa juu yake mwenyewe. Hakumpiga, hakumtusi wala hakulizidisha. Kisha baba akaingia mjini, akenda nyumbani kwake, na mwana akaendelea kuwa mwanawe.

Mzigo mwingine ulibaki, tena wa daima. Yale maneno ya Muraysi' yamo katika Qur'ani, aya ya 7 na ya 8 ya Sura ya Munafiqun. Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiisoma sura hiyo katika sala ya Ijumaa. Basi mwana amesimama safuni, anayasikia maneno ya baba yake yakisomwa mihrabuni, na waliomzunguka wote wanajua aliyeyasema.

Nasi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tusiisome habari hii kama kwamba ni ya watu wa mbali. Katika miji yetu, Lamu, Mombasa, Unguja, maneno ya mwenyeji na mtu wa kuja, muungwana na mtumwa, mstaarabu na mshenzi, yamekaa vinywani kwa muda mrefu. Utumwa uliondolewa kwa sheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Majina yake hayakuondoka. Mpaka leo ziko posa zinazorejeshwa, wala si kwa sababu mposaji hasali au hana kazi, bali kwa sababu ya babu wa babu yake. (Wanavyuoni wana maneno yao juu ya kufu, na hapa si mahali pa kuyaeleza, lakini wanaolitumia neno hilo barazani mara nyingi hawajayafungua maneno ya wanavyuoni.) Na asemaye hayo aghlabu ni mzazi, tena mzazi mwema kwa mengine yote: anayeamka alfajiri, anayelisha mayatima, aliyekosa usingizi siku nyingi mwanawe alipokuwa na homa. Anasema la kumdharau kiumbe cha Mwenyezi Mungu huku anakunywa kahawa, na mwana amekaa mbele yake.

Vijana wengi hapo hufanya moja katika mawili. Wengine humeza. Hujiambia kwamba kunyamaza ndiyo adabu, na baada ya miaka yale yale waliyoyachukia huwasikia wakiyasema wao wenyewe kwa watoto wao. Wengine humkata mzazi, wakamhesabu kuwa hana kheri yoyote, salamu zikafa. Na hao pia twawaona wamepotea njia, kwani aya ya 15 ya Sura ya Luqman imemkataza mwana kuwatii wazazi hata katika shirki, ambayo ni kubwa kuliko dhambi zote, na hapo hapo ikamwamrisha akae nao duniani kwa wema. Nabii Ibrahim (A.S.), alipomkataza baba yake kuabudu masanamu, alimwita kwa jina la baba mara 4 katika aya 4 za Sura ya Maryam, moja baada ya moja. Na mama wa Bibi Asmaa binti Abubakar alipokuja Madina naye bado ni mshirikina, binti alikwenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwunge, akaambiwa amwunge mama yake.

Hayo ni mepesi kuyaandika. Ugumu wake ni kuwa mtu hatendi wema kwa mzazi na kumpinga kwa siku mbili mbalimbali. Hutakiwa ayafanye yote mawili siku moja, na pengine katika sentensi moja, na mzazi mwenyewe amekasirika. Hatuna dawa ya kuufanya ugumu huo uondoke. Sayyidna Abdullah alikaa nao miaka yote ile, wala baba yake hakubadilika.

Alikuwako mwingine katika Makureshi aliyefikwa na mfano wa hayo: Abu Hudhayfa bin Utba. Baba yake, Utba, alikuwa katika wakubwa wa Makka, na siku ya Badri aliuawa upande wa washirikina, yeye na nduguye na mwanawe Walid. Maiti ya Utba ilipokuwa ikiburutwa kwenda kutiwa kisimani, Mtume (S.A.W.) alimtazama Abu Hudhayfa akaona uso wake umebadilika. Akamuuliza kama limemwingia jambo kwa ajili ya baba yake. Akajibu kwamba hana shaka juu ya baba yake wala juu ya kuuawa kwake. Ila alikuwa akimjua kuwa ni mtu wa akili na upole na fadhila, na alitaraji hayo yangemwongoza kwenye Uislamu. Alipoona amekufa juu ya ukafiri, akahuzunika. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu. Alimwombea dua na kumwambia maneno mema.

Na Abu Hudhayfa huyu, mwana wa nasaba kubwa ya Kikureshi, alimchukua Salim kuwa kama mwanawe. Salim alikuwa mtu wa Uajemi, mtumwa aliyeachwa huru na mke wa Abu Hudhayfa, bibi wa Kianswari. Akamwoza binti wa ndugu yake, yule Walid aliyeuawa Badri. Binti wa Utba kwa mtoto wake, kwa mtumwa wa jana! Lau Utba angekuwa hai, hatudhani kwamba ndoa hiyo ingefungwa.

Turudi kwa Ibn Ubayy. Mwaka wa 9 wa Hijra, baada ya safari ya Tabuk, aliugua akafa. Mwanawe akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akamwomba kanzu yake amkafinie baba yake, na akamwomba amsalie na kumtakia maghufira. Mtume akampa kanzu. Aliposimama kutaka kusali, Sayyidna Umar akamshika nguo yake, akamkumbusha aliyoyasema mtu yule na aliyoyatenda. Mtume (S.A.W.) akasali. Kisha ikashuka aya ya 84 ya Sura ya Tawba, ya kumkataza asimsalie tena yeyote katika wao akifa, wala asisimame kaburini kwake.

Watu wameuliza sana, kwa nini kanzu? Jawabu moja limo katika Sahihi ya Bukhari, nalo linaturudisha nyuma mpaka Badri. Siku ile Abbas, ami yake Mtume, alikuwa bado hajawa pamoja na Waislamu, akaletwa akiwa mateka, hana kanzu. Wakamtafutia, na kwa kuwa alikuwa mtu mrefu hawakupata iliyomwenea ila kanzu ya Ibn Ubayy. Ibn Ubayy akaitoa, akavishwa Abbas. Sufyan bin Uyayna, mmoja katika wapokezi wa hadithi, amesema kuwa watu huona Mtume (S.A.W.) alikuwa akimlipa kwa ile. Mtu aliyesema watu wa Makka watolewe mjini, kanzu yake mwenyewe iliwahi kumsitiri mtu wa Makka. Na wema huo mmoja haukusahauliwa wala haukupotezwa hesabuni. Ama mwana, alimfikisha baba yake kaburini akiwa na nguo bora kuliko zote alizoweza kumpatia. Zaidi ya hapo halikuwa mkononi mwake.

Mwaka wa 12, katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar, Waislamu walikwenda Yamama kupigana na Musaylima, aliyedai utume. Watu wengi katika wahifadhi Qur'ani waliuawa siku hiyo. Bendera ya Muhajirina aliishika Salim, na ya Answari aliishika Thabit bin Qays wa Khazraj. Thabit aliuawa. Abu Hudhayfa aliuawa. Salim alipoanguka na majeraha aliuliza habari ya Abu Hudhayfa, akaambiwa amekwisha kufa, akataka alazwe kando yake. Na katika Answari waliouawa siku hiyo yumo Abdullah bin Abdullah bin Ubayy, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao wote.